Naam ya Mguu wa Kushoto

Kosa nitakalolifichua hapa ni hili: mtu kujua kwamba neno lake limefahamika sivyo, kisha akanyamaza kwa kuwa kufahamika sivyo kwamfaa. Uongo una jina lake, na wizi una jina lake, na wenye kuyatenda hayo hujulikana mtaani. Kosa hili halina jina. Mwenye kulitenda hulala akijiona msafi, maana kinywani mwake halikutoka neno la uongo hata moja. Mimi nimelitenda. Nililitenda asubuhi kweupe, nikiwa nimetawadha na kusali, katika kiwanja cha ndege kilichoko upande wa Changamwe, miaka michache kabla ya bendera kubadilishwa.

Sina budi kuanza na kazi yenyewe, kwa sababu asiyeijua kazi hawezi kulipima kosa.

Nilikuwa fundi wa miguu ya ndege. Miguu ndivyo tulivyoiita sisi wa karakanani: ile mihimili ya chuma iliyobeba magurudumu, ambayo ndege ikipaa huikunja tumboni, na ikikaribia ardhi huikunjua. Abiria huyasifu mabawa, na watoto hushangilia mapanga yazungukayo. Miguu haisifiwi na mtu. Lakini ndege nzima, pamoja na watu na vikapu vyao, huuweka uzito wake wote juu ya mihimili mitatu kwa mara moja, na kwa mwendo ambao gari la barabara zetu halikuufikia. Mmoja ukivunjika, ndege huanguka ubavu na kuliburuta juu ya lami bawa lililojaa mafuta. Ndiyo sababu sheria ilikuwa kali. Kila baada ya safari zilizohesabiwa, na kila baada ya kutua kwa kishindo, ndege haikuruhusiwa kuruka mpaka miguu yake ikaguliwe: inyanyuliwe kwa jeki, ikunjwe na kukunjuliwa, ioshwe, na kila kiungo kitazamwe kwa jicho la mtu. Sheria ilisema jicho. Haikusema sikio, wala mazoea, wala nia njema.

Nafasi zetu ndizo zilizokuwa majina yetu. Injinia, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi, alisimama mbele ya ndege na ubao wake wa karatasi, akaukagua mguu wa pua mwenyewe. Mwenzangu, mtu wa Likoni aliyevuka kwa feri kila alfajiri na dhihaka mpya mdomoni, alikuwa na mguu wa kulia, akaitwa Kulia. Mimi nilikuwa na wa kushoto, nikaitwa Kushoto. Kazi ikiisha, injinia aliita, "Kulia!" na mwenzangu akajibu, "Nimetazama." Kisha akaita, "Kushoto!" nami nikajibu, "Nimetazama." Kwa kila jibu alitia tiki kwenye karatasi yake. Neno la kujibu lilikuwa hilo moja, na tulikuwa tumekubaliana juu yake.

Wa tatu wetu alikuwa mtu wa kabari. Kabari zetu zilikuwa vipande vya mbao vya pembe tatu, vilivyotiwa mbele na nyuma ya magurudumu ili ndege iliyosimama isisogee. Kazi yake ilikuwa kuzitia ndege ifikapo, na kuziondoa rubani aashiriapo. Hapakuwa na kazi chini ya hiyo isipokuwa kufagia, na kufagia nako kulikuwa kwake. Alitoka bara, upande wa ziwa. Alikuwa Mkristo, mtu mzima aliyetuzidi umri sote, mvi zimekwisha kumwingia kidevuni, na Kiswahili alikuja kukijifunzia kwetu. Nyuma ya sikio alichomeka penseli fupi, na mfukoni alihifadhi karatasi za pakiti za sigara. Kila aliposikia neno geni alisimama pale pale, akauliza, "Maana yake nini?" kisha akaandika. Hakuona haya kuuliza. Sisi ndio tuliomwonea haya, tukampa jina la kumcheka: Bwana Maana.

"Bwana Maana," Kulia alimwambia siku moja, "leo nimekula viazi vya karai. Andika."

"Karai maana yake nini?"

"Karai ni wewe, ukikaa juani."

Naye akaandika, asubuhi ya pili akaja akasema, "Nimeuliza kwa mama wa viazi. Karai ni sufuria pana. Wewe umenidanganya." Alilisema bila chuki, kama mtu arudishaye chombo alichoazimwa.

Dhihaka iliyokuwa mbaya zaidi ilikuwa ya kuitika. Alitaka kujua mtu wa pwani akiitwa huitikaje, maana aliona kwamba kwetu kuna adabu katika jambo hilo. Kulia alimwambia, uso wake mkavu kabisa, "Mwanamume wa heshima akiitwa na mkubwa wake, huitika abee." Aliandika. Kesho yake injinia akamwita kutoka mlango wa karakana. Bwana Maana aliweka ufagio chini, akasimama wima, akaitika kwa sauti nzito ya kifuani, "Abee!"

Karakana nzima ilicheka, kwa kuwa abee ni itiko la wanawake. "Mwari kaitika," alisema Kulia. "Nani atakwenda kumnunulia buibui?" Nami nilicheka pamoja na wote. Yeye alitutazama mmoja mmoja, akatoa karatasi yake, akalipiga neno lile mstari. Saa ya kutoka kazini alinijia nikinawa mikono kwa mafuta ya taa.

"Kushoto," alisema, "wewe ni mtoto wa mwalimu. Sema kweli. Mwanaume anaitika namna gani?"

Ni kweli baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani huko Kisauni, na nyumbani mwetu kuitika kulitangulia hata herufi ya alifu. Ukiitwa ukasema "Nini?" ulikula fimbo moja. Ukinyamaza ulikula mbili. Wa kiume "naam," wa kike "abee," na sauti isikike hadi anapoketi mwenye kuita. Niliona haya kwa kicheko changu, basi nikamfundisha kwa uangalifu, kama nilivyofundishwa.

"Utasema naam."

"Naam maana yake ndiyo?"

"Ukiulizwa jambo, huweza kuwa ndiyo. Lakini ukiitwa, si ndiyo. Ni kusema: nimesikia waniita, nipo, naja. Hujakubali kitu bado. Hata hicho unachoitiwa hujakijua."

Alichomoa penseli nyuma ya sikio. "Kwa hivyo naam ni ya masikio. Sio ya macho, sio ya mikono."

"Ya masikio," nilisema.

Akaandika, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: NAAM, YA MASIKIO. Nilimwona akiandika. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba katika yaliyofuata sikuwa na udhuru wa kutojua.

Ilikuwa katikati ya masika. Ndege ndogo ya mapanga mawili, ya kampuni ndogo ambayo haipo tena, ilikuwa imetua jana yake katika mvua, na rubani akaandika kitabuni kwamba imetua kwa kishindo. Sheria ikaingia hapo. Asubuhi ile ndege ilitakiwa kwenda Lamu na abiria saba, na kabla ya hapo miguu yake ilikuwa haina budi kukaguliwa. Nilitoka Kisauni kwa baiskeli kabla ya jua, nikavuka daraja la Nyali lililokuwa likielea juu ya mapipa yake, nikapasua kisiwa hadi Makupa, nikafika Changamwe nimelowa hadi mfupani lakini sikuchelewa.

Tuliinyanyua ndege kwa jeki, tukafanya kazi. Niliosha gurudumu langu, nikatazama tairi, breki, bomba la mafuta, na pini ya chini iliyo nene kama kidole gumba. Kilibaki kiungo cha juu, pale mguu unapoingia tumboni mwa ndege. Nyuma ya kiungo hicho kulikuwa na kifuniko kidogo cha skrubu nne, na siku ile kilikuwa kimefunikwa na tope lililokauka nusu. Ili kupatazama hapo ilikubidi ufungue kifuniko, uoshe chuma kwa mafuta ya taa, ukikaushe kwa kitambaa safi, kisha ukipake unga wa chaki na kungoja. Chuma kizima huacha chaki nyeupe. Chuma chenye ufa huwa kimeyanywa mafuta ndani ya ufa, na baada ya muda huyatoa tena, na chaki hulowa pale pale penye ufa. Ni njia ya zamani, haihitaji mtambo wowote. Inahitaji subira tu, kiasi cha mtu kunywa kikombe cha chai bila haraka.

Debe langu la mafuta ya taa lilikuwa tupu. Nilikuwa nimegeuka kwenda kulijaza, spana mkononi, na skrubu hata moja sijaigusa, niliposikia sauti ya injinia kutoka upande wa pua: "Kushoto!"

"Naam!" niliitika.

Ulimi ulitoka wenyewe, kama ulivyofundishwa kwa fimbo. Nilidhani naitwa tu, maana sikuwa nimesikia Kulia akijibu. Nikatoka chini ya bawa, nikipangusa mikono, nije kusikia ninachoitiwa, na nikaiona kalamu ya injinia ikitembea. Alikuwa ametia tiki kwenye mguu wa kushoto. Yeye alijifunza Kiswahili katika kitabu alichopewa alipofika, na katika kitabu kile naam ilikuwa ndiyo, basi.

"Vizuri," alisema. "Leo wewe upesi."

Neno lile upesi ndilo lililoniangusha. Juma lile injinia alikuwa akiandika barua ya kuniombea cheti cha kukagua na kutia sahihi yangu mwenyewe, bila Mzungu kusimama nyuma yangu. Hapakuwa na mwenyeji hata mmoja katika karakana ile mwenye cheti hicho. Barua ilikuwa katika mtoto wa meza yake, niliwahi kuiona. Lawama yake juu yangu ilikuwa moja tu, na alinirudia nayo mara nyingi: "Fundi mzuri, lakini polepole." Na sasa ameniambia upesi.

Nilifungua kinywa. Nakumbuka kwamba nilikifungua, kwa sababu nakumbuka ladha ya hewa yenye mafuta. Kisha nikakifunga. Nilijiambia kwamba mimi sikusema nimetazama, nimesema naam, ikiwa yeye amesikia jingine, ni la kwake. Nilijiambia kwamba nimeutazama mguu karibu wote. Nilijiambia kwamba kiungo kile nimekitazama mara nyingi siku za nyuma na hakijapata kuwa na ila. Ni ajabu jinsi akili iliyosoma ilivyo na wepesi wa kuvileta vitabu vyake vyote kumtetea mwenyewe. Asiyesoma angalau hudanganya kwa maneno machache.

Ndege ikashushwa kutoka kwenye jeki. Bwana Maana alikuja na kabari zake, akachutama kwenye gurudumu langu. Alitazama juu, kwenye kifuniko chenye tope na skrubu zake nne.

"Kushoto," alisema polepole, "ile naam yako ilikuwa ya nini?"

"Fanya kazi yako, bwana."

"Nauliza tu. Bwana aliita, wewe ukaitika. Ama ulitazama?"

"Miguu si kazi yako. Kazi yako ni kabari."

"Kweli," alisema. "Yangu ni kabari." Akazipiga kwa ngumi kuhakikisha zimekaa, akaenda zake.

Ndege ilivutwa nje. Abiria walikuwa wamekwisha kukusanyika chini ya paa la mabati, wakijikinga na manyunyu. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mzee wa buibui, kikapu cha mabofulo, mikate ya kwetu, mapajani, aliyenitazama tangu nilipotokea kama mtu atafutaye uso wa kuuamini. Nilipopita mbele yake nilimwamkia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe mwenye kuzitengeza?"

"Ni mmoja wao, mama."

"Mimi sijapata kupanda ndege. Nina mjukuu kazawa Lamu, naenda kumuona. Hebu nambie, ndege hini ni nzima?"

Hapo pangelikuwa mahali pa kurudi. Safari hii sikuitwa. Niliulizwa, kwa Kiswahili ambacho sote wawili tulikinyonya kwa mama zetu, na hapakuwa na kitabu cha mgeni kati yetu.

"Nzima, mama," nilisema.

"Alhamdulillahi," alisema, akanyanyuka na kikapu chake.

Tazameni basi jinsi kosa lisilo na jina linavyozaa lenye jina. Nilianza kwa kunyamaza, na kabla jua halijapita juu ya paa la karakana nilikuwa nimemwambia uongo mwanamke wa umri wa bibi yangu.

Walipanda wote saba. Rubani aliwasha panga la kulia, likanguruma, likavuta manyunyu nyuma. Akatoa mikono dirishani, akaashiria kwa vidole gumba viwili kwenda nje, ishara ya kuondoa kabari. Bwana Maana alikuwa amesimama mbele ya gurudumu la kushoto. Hakuinama. Rubani akaashiria tena, kwa nguvu zaidi. Bwana Maana alikunja mikono kifuani, akatikisa kichwa.

Injinia alitoka karakanani anakimbia. Sijapata kumwona akikimbia, kabla ya siku ile wala baadaye. Kulia naye akaja, na mimi nikaja. Rubani alizima panga.

"Kwa nini hapana toa kabari?" injinia aliuliza.

"Bwana, mimi nangoja maana."

Kulia alicheka. "Ee Maana wee, hata leo? Watu wasafiri, wewe wataka somo?"

"Maana ya nini?" injinia alisema.

"Ya naam."

"Naam ni ndiyo," injinia alisema, na uso wake ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. "Kila mtu anajua. Toa kabari."

"Kwa kitabu yako, labda," alisema Bwana Maana. Sauti yake ilitetemeka. Nalisema hili kwa sababu watu hudhani ushujaa hautetemeki. Alitia mkono mfukoni akatoa karatasi ya pakiti ya sigara, iliyochakaa kwenye mikunjo, akaishika mbele yake. "Huyu Kushoto alinifundisha. Naam ya kuitwa ni ya masikio. Sio ya macho. Wewe uliita Kushoto, yeye akasema naam. Mimi nilikuwa hapo chini. Sikusikia nimetazama. Kama nimekosa, nifukuzeni. Lakini mwulize yeye."

Wote wakanigeukia. Dirishani mwa ndege nilimwona yule mama, mtandio wa buibui umebanwa kidevuni, akinitazama bila wasiwasi wowote, kwa kuwa nilikwisha kumwambia.

Injinia aliniuliza kwa utulivu, na safari hii aliuliza swali zima: "Kushoto. Mguu, wewe umetazama?"

Neno moja lingetosha. Ningesema nimetazama, Bwana Maana angefukuzwa saa ile ile, barua ingetoka katika mtoto wa meza, na ndege ingeruka. Nimekaa miaka mingi nikijiuliza kama ningelisema lau karatasi ile isingekuwa mkononi mwake. Sijapata jibu la kunifurahisha.

"Sikutazama nyuma ya kiungo cha juu," nilisema. "Uliponiita nilikuwa sijafungua kifuniko. Niliitika tu. Nikaona umetia tiki, nikanyamaza."

Injinia alikwenda mlangoni mwa ndege, akawaomba abiria washuke. Ndege ikavutwa karakanani, ikapandishwa tena kwenye jeki. Injinia alishika tochi mwenyewe, nami nikafanya kazi niliyopaswa kuwa nimeifanya. Nilifungua skrubu nne. Nilikwangua tope. Niliosha kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikapaka chaki, tukangoja. Bwana Maana alisimama nyuma yetu na ufagio wake. Mvua ilirudi juu ya mabati.

Kwanza chaki ilikuwa nyeupe kote, na Kulia akashusha pumzi. Kisha, polepole, ukajitokeza mstari, mwembamba kama unywele, mweusi kwa mafuta, ukakizunguka kiungo hadi nusu yake. Methali ya ufa na ukuta kila mwanafunzi wa pwani ameiandika ubaoni mwake. Lakini ufa wa ukuta humpa mtu muda wa kwenda kutafuta chokaa. Huu ungengoja Lamu tu, ungengoja uzito ushuke mara moja.

Injinia aliupima ufa kwa rula. Kulia alikwenda akaketi juu ya debe, akatazama sakafu.

Nilitoka nikamwendea yule mama. Alikuwa ameketi mahali pake pa kwanza, kikapu mapajani.

"Wasema ndege ina mguu mbovu," alisema.

"Ni kweli, mama."

"Si uliniambia nzima?"

"Nilikwambia nisilolijua. Nisamehe."

"Na mjukuu wangu?"

"Italetwa ndege nyingine kesho. Utamwona, inshallah."

"Usinambie inshallah," alisema. "Inshallah ni yangu mimi kuisema. Wewe nambie umetazama."

Vitabu nilivyosoma juu ya wajibu na uaminifu ni vingi, na vingine ni vya watu wakubwa wa zamani. Sijakuta humo sentensi iliyonikaa kama hiyo. Ndege nyingine ilikuja kesho yake. Niliomba ruhusa nisimame kando huku Kulia akiikagua miguu yote, kisha nikaenda kumwambia mama yule kwamba imetazamwa, na kwamba nimeona ikitazamwa. Alinipa bofulo moja, akapanda.

Barua ya injinia ilitolewa katika mtoto wa meza, ikakunjwa mara mbili, ikatiwa mfukoni, na sikuiona tena. Niliondolewa kwenye miguu, nikawekwa kuosha vyuma miezi mingi, na nilistahili. Cheti changu nilikipata baada ya uhuru, kwa sahihi ya mtu mwingine.

Miaka ile ya uhuru naikumbuka kwa namna isiyowapendeza rafiki zangu. Watu wengi walikuwa wakiitwa: kwenye ofisi, kwenye viti, kwenye madaraka yaliyoachwa na wageni. Kila aliyeitwa aliitika naam kwa sauti kubwa, na umati ukashangilia, na mahali fulani kalamu ikatia tiki. Mimi nilikuwa nikishangilia pamoja nao, na ndani yangu nikihesabu skrubu nne. Wapo walioitika kisha wakaenda kufungua vifuniko vyao na kuosha matope yao. Nawajua, na nawaheshimu. Wapo pia ambao mpaka leo wamesimama pale pale walipoitikia, wakijua wamefahamika sivyo, na kimya chao chawafaa. Sisemi zaidi. Mwenye kosa la aina moja na lao hana haki ya kupaza sauti sana. Ana haki ya kueleza alivyopona, basi.

Lakini sijaimaliza asubuhi ile. Chaki ilipokwisha kusema yake, injinia alileta fomu ya hitilafu, ambayo sheria iliitaka ijazwe papo hapo. Aliandika aina ya ndege, mahali pa ufa, urefu wake. Mstari wa mwisho ulitaka jina la aliyeigundua hitilafu. Mkono wake ulianza kuandika Kushoto, kwa kuwa mguu ulikuwa wa kushoto na ndiyo iliyokuwa desturi. Mimi nilikuwa nimesimama karibu, na niliiona herufi ya kwanza.

"Bwana," nilisema, "hapo si mimi."

"Nani?"

"Mtu wa kabari."

Akaikata ile herufi. "Jina lake?"

Nilimtazama Kulia, naye akanitazama. Miaka miwili tulikuwa tumefanya kazi na mtu yule chini ya paa moja, na jina aliloitwa na wazazi wake hakuna kati yetu aliyelijua, kwa kuwa hakuna aliyepata kumuuliza. Yeye, aliyetuuliza kila kitu.

Injinia akageuka, akaita, "Wewe, mtu wa kabari!"

"Naam," aliitika, akaweka ufagio chini, akaja.

"Jina lako hapa."

Aliitazama fomu, akatutazama sisi wawili. Sikuona kisasi usoni mwake. "Andika lile wananiita," alisema. "Maana yake nimeuliza. Ni zuri."

Injinia alinipa kalamu, kwa kuwa hakujua tahajia yake. Nikainama juu ya ubao, nikaandika kwa mwandiko wa chuoni, herufi moja moja: Bwana Maana.